Pima Kwanza Ndipo Ununue: Habari ya Laptopu Niliyotuma Nyumbani

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, na baridi ya huku Leeds ukishaingia ndani hutamani kugusa kitu kingine zaidi ya blanketi na chai. Ila leo nimekaa makusudi niandike, maana kuna jambo limenijaa kifuani.

Kila mwezi sikosi meseji mbili tatu za namna hii: "Dada, nakuomba laptopu, yoyote tu, hata ya bei ndogo. Na ukiona ruta nzuri ya waifai niunganishie hapo hapo." Wengine mko vyuoni, wengine mmefungua ofisi ndogo, wengine mna watoto wanaosoma. Maombi si mabaya. Lakini badala ya kumjibu mmoja mmoja, naona niwajibu wote kwa pamoja, na msimamo wangu ni huu: usinunue laptopu mpya ya bei ya chini kabisa, na usinunue ruta yoyote, kabla hujajua ugonjwa uko wapi. Sisi tulio nje tunanunua vibaya, na nyinyi mlio nyumbani mnatuacha tuendelee kununua vibaya kwa sababu ya heshima. Nasema hivi kwa kuwa mkosaji wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Novemba 2023, ule msimu ambao maduka ya huku yanapunguza bei, niliona laptopu ya pauni 179. Kwa wakati ule ilikuwa kama laki tano na nusu za kwetu. Mpya, ndani ya boksi, nyembamba, rangi ya fedha. Nikaongeza zamu moja ya usiku, nikainunua, nikampa mtu aliyekuwa anasafiri ampelekee mdogo wangu Tanga, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza chuo. Alipoipokea alinipigia picha ya video, mama nyuma yake anapiga vigelegele. Mwe! Nililala usingizi mzuri siku ile.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu akaandika: "Dada, intaneti ya nyumbani iko taratibu sana." Mimi sikuuliza hata swali moja. Nikaenda dukani nikachukua ruta ya pauni 85, ina antena nne zimesimama juu kama buibui aliyelala chali. Nikatuma tena. Ilipofika wakakuta haina mahali pa kuweka laini ya simu! Ruta ile imetengenezwa kwa nyumba za huku, ambako intaneti inaingia kwa waya kutoka kwenye kisanduku cha kampuni. Nyumbani tunatumia kile kidude kidogo cha kuweka laini na kununua bando, na chenyewe hakina hata tundu la kuchomeka waya. Basi ruta yangu ikaishia juu ya kabati la vyombo, mama akaifunika kitambaa cha kufuma. Wageni wakiuliza wanaambiwa "hiyo ametuma mwanangu wa Ulaya."

Na mimi nikaendelea na maisha nikijua nimesaidia.

Agosti 2025 nikapata likizo, nikaenda nyumbani. Usiku wa pili nashangaa saa tano imepita na bwana mdogo hajarudi. Nikaanza kufoka, mama akaniambia polepole, "Muache mwanangu, yuko kwa mwenzake anaandika kazi za chuo. Ile yake haifai." Kumbe tangu mwaka uliotangulia kijana anakwenda kuazima laptopu ya mwenzake, na anaipata usiku tu mwenyewe akishalala. Kumbe ripoti yake ya mazoezi ya vitendo aliwahi kuipoteza yote, laptopu ilipoganda wakati anahifadhi, akaiandika upya kwa mkono kutoka kwenye daftari kwa siku tatu.

Aliporudi nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akatazama chini. "Dada, ulifanya zamu ya usiku kuinunua. Ningeanzaje?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kulala lakini usingizi haukuja.

Asubuhi nikafanya kile ambacho ningepaswa kufanya tangu mwanzo. Mimi ni muuguzi. Hakuna muuguzi anayempa mtu dawa kwa kusikia tu neno "naumwa." Unamuuliza inauma wapi, tangu lini, unapima joto, unapima mapigo, unapima presha. Lakini ikija kwenye laptopu na waifai tunasikia "iko taratibu" tukakimbilia dukani. Basi nikapima, na vipimo vyenyewe hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuvifanya.

Kipimo cha kwanza: kaa na simu yako hatua moja kutoka kwenye ruta, ufungue ukurasa au video. Ikiwa taratibu hapo hapo, basi tatizo ni bando, au mtandao wa kampuni kwenye eneo lako, au bando limeisha kasi. Ruta ya milioni moja haitakusaidia, kwa sababu ruta haitengenezi intaneti, inagawa tu ile inayoingia. Ni kama bomba: ukibadilisha koki wakati tangi ni tupu, unapata koki nzuri isiyotoa maji.

Kipimo cha pili: chukua simu ile ile uende chumba unachosomea. Kama karibu na ruta ilikuwa nzuri na huku imekuwa mbaya, basi tatizo ni umbali na kuta.

Kipimo cha tatu: weka simu na laptopu pamoja, sehemu moja, waifai moja, ukurasa mmoja. Simu ikifungua na laptopu ikawa bado inazunguka, mgonjwa ni laptopu.

Nyumbani kwetu simu ilikuwa nzuri karibu na ruta, nzuri chumbani pia. Laptopu ikazunguka wee, mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo pauni 85 zangu zilitibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Nikaifungua ile laptopu nitazame ndani. RAM ni GB 4. Hifadhi ni GB 64, tena ya aina ya eMMC, ambayo ni ya taratibu kuliko SSD na imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuitoa ukaweka kubwa. Windows yenyewe na masasisho yake walikuwa wamekula karibu nafasi yote, zimebaki GB 3. Kila ikitaka kujisasisha haina pa kuweka mzigo, inashindwa, inaanza tena, na kila ikianza inakula bando la mama! Mnielewe: Microsoft wenyewe wameweka kiwango cha chini cha Windows 11 kuwa RAM GB 4 na hifadhi GB 64. Muuzaji hakudanganya. Lakini kiwango cha chini ni cha kuwaka, si cha kufanyia kazi. Ni kama kumwambia mtu nauli ya kufika stendi inatosha kwenda Dar.

Sasa wengi nyumbani mna imani kwamba kitu cha kutoka nje ndiyo chenyewe. Jamani, hizi laptopu za bei ya chini zinazouzwa huku zimetengenezwa kwa mtu anayekaa kwenye sofa, ana intaneti ya waya isiyohesabiwa, na anatazama barua pepe mbili kwa wiki. Hazikutengenezwa kwa mwanafunzi anayefungua mafaili kumi, anayenunua bando kwa GB na umeme ukikatika jioni. Kutoka Uingereza hakuifanyi kuwa nzuri. Imesafiri tu.

Na kuna jambo jingine ambalo nilikuwa nalijua na sikulifikiria. Huku kuna sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015. Kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukirudisha na kupewa pesa yako yote. Ukinunua kwa mtandao una siku 14 za kubadili mawazo, hata kama hakina kasoro. Haki nzuri sana. Lakini ukishakitia kwenye begi la msafiri kikafika Tanga siku ya 25, utakirudishaje? Haki inabaki kwenye kaunta ya duka, laptopu iko kwenye kabati la mama. Ukinunua huku kwa ajili ya nyumbani, hesabu kwamba umenunua bila dhamana.

Basi tulifanya nini? Tulipanda basi mimi na bwana mdogo mpaka Dar, tukazunguka maduka ya Kariakoo siku nzima, tukanunua laptopu ya mtumba iliyowahi kuwa ya ofisi. Laki sita na elfu ishirini. RAM GB 8, na kuna nafasi ya kuongeza, SSD ya GB 256. Mfuniko una mkwaruzo na alama ya stika iliyobanduliwa. Betri inakaa saa mbili na kidogo. Haipendezi hata kidogo, lakini inawaka ndani ya nusu dakika. Kwa pesa ya ile mpya ningeongeza elfu sabini tu tangu mwanzo.

Naona wengine mshakunja uso: mtumba? Ndiyo, mtumba. Kampuni zinanunua laptopu imara kwa bei kubwa, zikitimiza miaka mitatu minne zinazitoa. Kibodi yake ni ngumu, vipuri vyake vinapatikana, fundi anaifungua kwa bisibisi. Lakini mtumba una mitego yake, na hapa naomba msome polepole.

Kwanza, Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine zisizoweza kupanda Windows 11 zinamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa, na muuzaji hatakwambia. Kama ni ya Intel, tazama namba ya prosesa. Ikiandikwa i5-8250U, hiyo 8 ya mwanzo baada ya kistari ni kizazi cha nane. Kuanzia cha nane kwenda juu, Windows 11 inakubali kwa kawaida. Ikianza na 6 au 7, iache, labda uwe unajua kutumia Linux, ambayo ni ya bure na itaifaa.

Pili, betri. Mwombe muuzaji akuruhusu kufungua ile skrini nyeusi ya amri na kuandika powercfg /batteryreport. Itatoa ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na sasa imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki chini ya nusu, punguza bei au omba betri nyingine. Muuzaji akikataa usipime, hilo nalo ni jibu.

Tatu, hakikisha imefutwa na inaanza upya mbele ya macho yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikikuomba barua pepe ya kampuni fulani usiyoijua, au neno la siri kabla hata ya Windows kuwaka, iache hapo hapo. Hiyo bado ina mwenyewe, na huenda iliibiwa.

Nne, bonyeza kila kitufe cha kibodi, chomeka flashi kwenye kila tundu, washa kamera, unganisha na waifai ya simu yako. Dakika ishirini tu. Aibu ya kumsumbua muuzaji inapita, hasara haipiti.

Kuna watakaosema, "Dada, wewe unaongea ukiwa umeshiba. Kibaya changu ni bora kuliko kukosa." Nakubali nusu. Kama kazi yako ni kuandika na kusoma tu, na una intaneti ya uhakika, Chromebook ya bei ndogo inaweza kukutosha, na Google walitangaza mwaka 2023 kwamba watazipa masasisho ya miaka kumi. Ila miaka hiyo inahesabiwa tangu modeli ilipotoka kiwandani, si tangu wewe uliponunua, kwa hiyo angalia kwanza tarehe ya mwisho ya hiyo unayouziwa. Lakini kama ni laptopu isiyofanya kazi, hapana, kukosa ni afadhali. Ukikosa, kila mtu anajua umekosa na utasaidiwa. Ukiwa nayo mbovu, unaonekana unayo. Mdogo wangu hakuweza kuomba msaada kwa mtu yeyote kwa sababu mtaa mzima ulijua dada yake kamtumia laptopu mpya.

Haya, tuje kwenye waifai, maana najua mnaisubiri. Kama kipimo cha pili kimekuonyesha tatizo ni umbali, usikimbilie kununua bado. Kwanza ihamishe ruta. Itoe nyuma ya televisheni, itoe ndani ya kabati, itoe karibu na friji, iweke juu na katikati ya nyumba. Kama ni ya laini, ijaribu pia karibu na dirisha uone inashika wapi vizuri. Hili ni bure. Pili, fahamu kwamba ruta nyingi za siku hizi zinatoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali na kupenya ukuta lakini kasi yake ni ndogo. Yale ya 5 GHz yana kasi lakini ukuta wa tofali unayachosha. Karibu na ruta tumia 5, chumba cha mbali tumia 2.4.

Kama bado, na ruta yako ina tundu la waya, basi vuta waya. Waya wa mtandao unafika mpaka mita 100, bei yake si kubwa, na hausumbuliwi na ukuta wala jirani. Vile vidude vya kurudia mawimbi vinavyochomekwa ukutani watu wanavikosea: wanakiweka ndani ya chumba ambacho mawimbi hayafiki. Sasa kitarudia nini? Kiweke katikati ya njia, pale mawimbi bado ni mazuri. Na vile vya bei ndogo kabisa hupunguza kasi kama nusu, kwa kuwa vinasikiliza na kusema kwa mdomo mmoja.

Ukiamua kununua ruta ya laini, usiagize nje kabla hujauliza mambo mawili: je, imefungwa kwa kampuni ya simu ya huko, na je, masafa yake ya 4G ni yale yanayotumiwa na kampuni yako ya nyumbani? Ukikosa hayo mawili unapata pambo jingine la kabati, na mama yangu vitambaa anavyo vya kutosha.

Na kabla hujasema bando linaisha haraka, badilisha neno la siri lililokuja na ruta, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, halafu kwenye Windows ingia mipangilio ya waifai yako uiweke kama intaneti inayohesabiwa. Hapo itaacha kuvuta mizigo mingi mikubwa bila ruhusa yako. Ila angalau mara moja kwa mwezi iruhusu ijisasishe, ukiwa na bando la usiku. Kukataa masasisho kabisa ni sawa na kukataa chanjo.

Sasa neno kwa wenzangu tulio nje, maana na nyinyi mnanisoma. Tukubali kwamba mara nyingine tunanunua ile raha ya kusikia vigelegele kwenye simu. Mimi nilisoma bei na rangi, sikusoma RAM. Ingekuwa ni mashine ya presha ya wodini nisingeinunua hivyo. Siku hizi nimeamua: situmi tena boksi. Anayehitaji aende dukani na mtu anayejua, apime, anipigie kwa video nione ikiwaka, ndipo nimlipe muuzaji moja kwa moja kwa simu. Najua mtasema pesa italiwa. Ukimlipa muuzaji mwenyewe hailiwi, na mtumiaji anabaki na mtu wa kumrudia hapo hapo mjini kitu kikiharibika.

Na kwenu wadogo zangu na ndugu zangu mlio nyumbani: tukikutumieni kitu kibovu, semeni. Hiyo si kukosa shukrani. Nimepoteza pauni 264 na zamu zangu, hizo zitarudi. Lakini zile usiku alizotembea mdogo wangu saa tano akirudi kutoka kuazima, sina namna ya kumrudishia. Laiti angeandika sentensi moja tu, "Dada, hii imenishinda," ningeumia siku moja na mambo yangekwisha.

Kwa hiyo meseji zenu nazisubiri, msiogope. Ila safari hii usianze na "nakuomba laptopu yoyote." Anza na dalili: unafanyia kazi gani, uliyonayo ina RAM kiasi gani, na vile vipimo vitatu vimekupa majibu gani. Tutatafuta dawa pamoja.

Mama, ile ruta unaweza kuitoa juu ya kabati sasa. Nimekuruhusu.

Wasalaam, ngoja nikalale kidogo, naingia zamu saa moja na nusu jioni.